Kiasi cha Bunduki



Nyumbani kwetu kulikuwa na ufito wa chuma, mwembamba, umeshinda mkono wa mtu mzima kwa urefu. Nyanya yangu aliutumia kuzibulia mfereji wa maji ya mvua ulioshuka kutoka dari ya juu. Masika yakianza, alikuwa akiniita: "Nipe huo mdeki, mwanangu." Nami nilikua nikijua kwamba mdeki ni kifaa cha kuzibulia mifereji. Nilikuwa nimeshaingia chuo siku nilipofungua kitabu cha lugha cha Edward Steere, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1870, nikalikuta neno la nyanya yangu limeandikwa humo. Mdeki ni ufito wa kushindilia bunduki. Miaka yote ile tulikuwa tunazibulia mfereji kwa kiungo cha gobori, na gobori lenyewe lilikuwa limekwenda zake zamani, hakuna nyumbani aliyekumbuka wapi.

Tangu siku ile nimekuwa nikiyatafuta maneno ya bunduki. Katika kamusi na vitabu vya lugha vya karne ile yamo mengi ambayo leo hayapiti midomoni mwetu. Mrao ni utambi uliowashwa, na bunduki ya mrao ndiyo ile ambayo jamaa zetu wa Oman huiita abu fatila, mwenye utambi. Gumegume ni bunduki ya jiwe, hupiga jiwe kwa chuma likatoa cheche. Kifa ni kile kitundu au chuchu ambapo moto huingilia. Fataki, kabla haijawa mchezo wa watoto wa sikukuu, ilikuwa ni kile kikofia kidogo cha shaba kinachovikwa kwenye kifa na kupigwa na nyundo ya bunduki. Na limo neno moja ambalo nimeliitia mhadhara huu: kiasi. Ukitaka kutaja kile tunachokiita leo risasi nzima, yaani baruti na risasi vilivyofungwa pamoja tayari kupigwa, Steere anakwambia useme kiasi cha bunduki, na wingi wake viasi.

Litazameni neno hilo. Risasi kwa asili ni jina la madini, yale mazito ya kutilia nyavu ili zizame. Kiasi ni kipimo. Waliochagua kukiita kitu kile kiasi walikuwa watu wa kazi, waliojua kwamba mtutu usio na kipimo chake ni rungu la bei ghali. Na jambo ninalotaka kuwaeleza usiku huu limo ndani ya neno hilo: pwani hii, mwenye nguvu amekuwa ni yule aliyeshika kiasi, hata pale bunduki zote zilipokuwa mikononi mwa wengine.

Baruti nyeusi ni vitu vitatu: shura, kiberiti na makaa. Makaa tunayo. Shura na kiberiti huja kwa chombo. Hata ikishatengenezwa, baruti ina adui wawili, cheche na unyevu, na kisiwa chetu kina unyevu wa kutosha kuua ghala zima. Hewa ya Mombasa inalainisha chumvi mezani, sasa fikirini inachofanya kwa pipa la baruti lililofunguliwa wakati wa kusi. Ndiyo maana ngome hazikupimwa kwa mizinga peke yake. Ngome yetu, iliyojengwa kati ya 1593 na 1596 kwa ramani ya Giovanni Battista Cairati, ina kuta ambazo mtu anaweza kuzisifu mchana kutwa. Lakini Wareno walipozingirwa ndani yake na Waomani, kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698, walikuwa wakitazama baharini kungojea merikebu za Goa. Moja ya merikebu hizo, Santo António de Tanná, ilizama mwaka 1697 chini ya kuta za Ngome, na wapiga mbizi walioichunguza tangu 1977 waliikuta palepale, umbali wa kutupa jiwe tu kutoka ulipokuwa ukingojewa msaada wake. Mizinga ya ngome ilikuwa juu. Riziki ya mizinga na ya watu ilikuwa majini.

Nitapita haraka karne ya 18 na enzi ya Wamazrui walipoitawala Mombasa, maana nataka nifike kwenye gobori.

Gobori ni bunduki inayoshibishwa kwa mdomo. Mwenyewe hupima baruti kwa jicho au kwa kipimo cha pembe, huimimina, hutia tambara au nyuzi za kumbi, hushindilia kwa mdeki, hutia risasi au marisaa, hushindilia tena. Kila kitu kimo mikononi mwake. Akitaka kuokoa baruti, hupunguza. Akikosa risasi, hutia vipande vya chuma au kokoto. Mafundi wa chuma wa pwani na bara waliweza kuunga tako lililovunjika na kuchonga jiwe jipya la gumegume. Misafara iliyotoka Mombasa kwenda Ukambani na Kilimanjaro kutafuta pembe ilikwenda na bunduki za namna hiyo. Ilikuwa silaha mbovu ukiipima kwa shabaha, lakini mwenye nayo alikuwa hajafungwa kamba na duka moja.

Kamba ya kwanza ilikuja na fataki. Wazo lake lilitokana na kasisi mmoja wa Uskoti, Alexander Forsyth, aliyepata hati ya uvumbuzi mwaka 1807 akitafuta njia ya kuwasha baruti bila cheche za jiwe, kwa dawa inayolipuka ikipigwa. Fataki hailowi kwa mvua kama kifa kilicho wazi, nayo huwasha papo hapo. Mwindaji yeyote angeipenda. Lakini ndani yake mna dawa ya zebaki inayotengenezwa kiwandani, na hakuna mhunzi wa Mombasa wala wa Unyamwezi aliyeweza kuifua kwa nyundo. Aliyekubali fataki alikubali kwamba kila mlio wa bunduki yake utatoka Ulaya, umefungwa ndani ya kikopo.

Bunduki zenyewe hazikuwa haba. Majeshi ya Ulaya kila yalipobadilisha silaha yalizimwaga za zamani sokoni, na soko lilikuwa huku. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza Zanzibar, Euan-Smith, alizikadiria bunduki zilizokuwa zikiingia kuwa kati ya 80,000 na 100,000 kwa mwaka. Hapo ndipo wakubwa wa dunia walipoona hatari. Kwa miaka mingi walikuwa wameuza. Walianza kukataza pale walipotaka kutawala.

Tarehe 2 Julai 1890 wakatia saini Mkataba wa Brussels. Tunaufundisha shuleni kama mkataba wa kupiga vita biashara ya watumwa, na kweli ulikuwa hivyo. Lakini someni vifungu vyake vya silaha. Kuanzia digrii 20 kaskazini ya ikweta hadi digrii 22 kusini, Afrika ikazungushiwa mstari, na ndani ya mstari huo bunduki za kisasa pamoja na risasi zake zikakatazwa kuingia, isipokuwa kwa vikosi vya serikali na kwa watu waliotoa dhamana, na wasafiri kwa silaha zao wenyewe. Mtu wa kawaida wa Afrika aliruhusiwa nini? Aliruhusiwa gumegume yenye mtutu usio na mifuo ndani, na baruti ya kawaida, ile waliyoiita ya biashara. Nayo ilipasa kukaa katika ghala ya serikali na kutolewa kwa ruhusa.

Nimekisoma kifungu hicho mara nyingi na kila mara kinanichoma. Hawakusema Mwafrika asiwe na bunduki. Walimchagulia bunduki. Walijua tofauti zote nilizowatajia: mrao, gumegume, fataki, kiasi. Wakapiga mstari mahali walipotaka, wakatuacha upande wa jiwe na cheche wao wakabaki upande wa shaba.

Na shaba ndiyo iliyobadilisha mambo. Waingereza waliikubali bunduki ya Martini-Henry mwaka 1871. Kiasi chake kilikuwa ganda la shaba lenye gramu 5 na nusu hivi za baruti nyeusi, na mbele yake risasi ya gramu 31 iliyoviringwa karatasi. Fataki ilikuwa imo tayari kitakoni mwa ganda. Ganda hilo lina hekima ambayo si rahisi kuiona. Baruti inapowaka, shaba hutanuka ikajaza chumba cha bunduki na kuziba kila upenyo, moto usirudi usoni mwa mpigaji, kisha hunywea kidogo, likatoka. Kwa hiyo bunduki ikaweza kushibishwa kwa nyuma, na mtu akashibisha na kupiga akiwa amelala kifudifudi, jambo lililo gumu sana kwa mwenye mdeki. Askari hapimi tena chochote. Kipimo kimeshafanywa na mtu asiyemjua, katika mji asioujua, na yeye anapewa viasi kwa hesabu.

Walakini ganda halifi kwa kupigwa mara moja, na hili ndilo ambalo watu wengi hawalijui. Likishatoka, fataki yake iliyokufa inaweza kusukumwa nje na nyingine ikatiwa, ganda likarudishwa umbo lake, likapimiwa baruti na kuvikwa risasi mpya. Kwa njia hiyo mwenye maarifa anaweza kukirudisha kipimo mkononi mwake. Kuna mahali Afrika Mashariki ambapo kazi hiyo ilifanywa na watu wetu kwa wingi mno, na ajabu yake ni kwamba hatuizungumzi.

Mwaka 1914, vita vilipoanza, jeshi la Wajerumani katika nchi iliyokuja kuitwa Tanganyika lilikuwa na askari wengi Waafrika ambao bado walibeba Mauser ya 1871, bunduki ya baruti nyeusi. Wafaransa walikuwa wameshaleta baruti isiyotoa moshi tangu miaka ya 1880, na bunduki mpya zote ziliitumia. Mwenye Mauser ya zamani akipiga, wingu jeupe humsimamia kichwani, na adui hana haja ya kuuliza yuko wapi. Mapema Novemba mwaka huo meli za Waingereza zilizotoka Bombay zikishusha jeshi Tanga, ndugu zetu wa Tanga waliona mawingu hayo kati ya minazi na mashamba ya mkonge. Katika mapigano hayo nyuki waliovurugwa walitoka kwenye mizinga yao wakawashambulia watu wa pande zote. Lugha yetu ilikuwa imeshaviita vitu viwili hivyo kwa jina moja, mzinga wa nyuki na mzinga wa vita, na Tanga vikakutana. Jeshi lililoshindwa likapakiwa likaletwa hapa Mombasa. Likaacha nyuma bunduki za kisasa za kutosha kombania tatu za askari, bunduki za rashasha 16, na viasi 600,000. Ndivyo alivyoandika jemadari wa Kijerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, katika kitabu chake cha 1920. Askari waliokuwa wakitoa moshi wakapata silaha za kisasa kutoka kwa waliokuja kuwanyang'anya zile za zamani.

Miezi mitano baadaye, Aprili 1915, ikaja meli Rubens kutoka Ujerumani, imejigeuza sura kama meli ya Denmark. Ilikuwa imebeba makaa ya mawe ya manowari Königsberg iliyojificha Rufiji, na silaha za jeshi. Manowari ya Kiingereza Hyacinth ikaikimbiza hadi ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, si mbali na mpaka wetu. Nahodha akaifungulia maji makusudi ili ikae chini mahali pasipo kina, Waingereza wakaipiga mizinga, wakaondoka wakiamini imekwisha. Haikuwa imekwisha. Watu wakapiga mbizi wakavitoa viasi masanduku kwa masanduku. Vilikuwa vimelowa maji ya chumvi.

Chumvi na baruti hazipatani, na hata hii baruti mpya haikuwa salama. Viasi vikaanza kukataa kulia, na kila wiki vikazidi kukataa. Basi vikapelekwa Moshi. Kwa miezi kadhaa, asubuhi hadi jioni, askari na kila mtu aliyeweza kupatikana walikaa wakivifungua kimoja kimoja. Risasi ikatolewa, baruti ikamwagwa na kusafishwa, fataki zilizoharibika zikatolewa na kutiwa nyingine zilizopatikana nchini, ambazo hata hazikuwa za namna ileile, kisha kila kitu kikarudishwa mahali pake. Viasi vilivyosalimika maji viliwekewa bunduki za rashasha. Vilivyotengenezwa upya vikajaribiwa. Fungu ambalo kiasi kimoja katika kila vitano kilikataa kulia likahesabiwa kuwa linafaa kwa vita, na lililokuwa baya zaidi likawa la mazoezi.

Nakaa sana hapa kwa sababu nawaona watu wale. Nawaona wamekaa chini ya kivuli, mkeka mbele yao, unga ule wa kijivu umeanikwa kama dagaa. Vidole vya mtu aliyezoea kufuma nyavu au kusuka ukili, vinashika kitu kidogo kama punje ya mahindi ambacho kikibanwa vibaya kinamkata kidole. Anajua kwamba kimoja katika vitano hakitalia, na kwamba huenda kitampata ndugu yake aliye mstari wa mbele. Vitabu vimeandika jina la nahodha wa Rubens, jina la manowari iliyoipiga na jina la jemadari aliyenufaika. Waliokaa mkekani Moshi wameandikwa bila majina, "askari" tu na watu wengineo.

Ukitoka nje ya lango la Ngome utakuta mzinga wa Königsberg na wa Pegasus, ile manowari ya Kiingereza ambayo Königsberg iliizamisha Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914. Watalii hupigia picha hapo, na vijana wetu huegemea. Kila nikipita hutamani kuona, kando ya chuma kile kikubwa, ganda moja tu la shaba lililojazwa upya Moshi.

Sasa nije kwenye simu ya mpwa wangu, maana bila yeye nisingeuandika mhadhara huu.

Ramadhani iliyopita, baada ya tarawehe, alinijia na simu. Alikuwa amekuta maduka ya mtandaoni ya Marekani na Uingereza yanayouza Martini-Henry za miaka ya 1870 na 1880. Nyingi zimetoka Nepal. Mwaka 2003 wafanyabiashara wa Marekani walinunua makumi ya maelfu ya silaha za zamani zilizokuwa zimelundikwa katika kasri moja kuukuu Kathmandu, wakazisafisha na kuziuza kwa yeyote anayependa historia. Marekani, bunduki iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla yake haihesabiwi na sheria yao kuu ya silaha kuwa bunduki kama nyingine. Kando ya bunduki yalikuwepo maganda mapya ya shaba ya kipimo kilekile cha Martini, kalibu za kumiminia risasi, mizani ndogo ya kupimia baruti, na brashi za mtutu. Kuna watu kule ambao Jumapili yao nzima hukaa mezani wakijaza maganda, kisha huenda uwanjani kupiga na kurudi kuosha mtutu kwa maji ya moto. Na ni kweli kwamba lazima uoshwe. Zaidi ya nusu ya baruti nyeusi haigeuki kuwa hewa, bali hutoka kama moshi mzito au hubaki kama masizi yanayovuta unyevu, na mtutu ukiachwa usiku mmoja tu katika hewa kama yetu utaamka una kutu.

"Mjomba," akaniambia, "tuagize. Bunduki tuiache, tuagize maganda tu na mizani, tuone."

Nilimwambia hapana, na nawaambia nyinyi pia kwa uzito uleule. Kenya, risasi ziko chini ya sheria ileile ya bunduki, Sura ya 114, na huzimiliki bila cheti. Baruti ina sheria yake ya vilipuzi, Sura ya 115. Uwindaji wa wanyama umefungwa nchini tangu 1977, kwa hiyo hata ile sababu ya babu zetu haipo. Sanduku la vifaa vya namna hiyo likifika bandarini kwa jina la kijana wa Mji wa Kale, hakuna atakayemuuliza kuhusu Steere na mdeki. Kuna walioonewa kwa madogo zaidi ya hayo, na sitaki mpwa wangu awe mmoja wao. Na aliye na kiasi cha zamani ndani ya kasha la babu, asikichokonoe, asikitie moto, asikipige nyundo. Umri haukiui. Akipeleke kituo cha polisi akiwa na mtu mzima na shahidi.

Lakini hakuondoka mikono mitupu. Alinionyesha filamu ya mzee mmoja wa Uingereza akijaza ganda la Martini, hatua kwa hatua, na tukaanza mchezo wa kuvipa vitu majina kwa Kiswahili. Ganda, tunalo. Fataki, tunalo. Baruti, risasi, kalibu, mizani. Kisha mzee yule akachukua kijichuma chembamba, akakipitisha mdomoni mwa ganda hadi chini, akagonga kidogo, na fataki iliyokufa ikaanguka mezani. Mpwa wangu akauliza, "Na hicho kinaitwaje?"

Sikuwa na neno. Nimepekua kamusi zote nilizo nazo na sikulipata. Lakini Moshi, mwaka 1915, watu wale walishika kijichuma cha kutolea fataki kutwa, miezi kadhaa, na wengi wao wakizungumza Kiswahili. Haiwezekani kwamba hawakukiita kitu. Mtu alimgeukia mwenzake akasema, "Nipe hicho," na baada ya siku mbili "hicho" kikawa na jina, kama mdeki ulivyokuwa na jina. Ikiwa kati yenu yuko aliye na babu aliyekuwa askari upande ule, au shangazi aliyeolewa Tanga, Pangani au Moshi, nitakuwa nimekaa pale mlangoni na daftari hadi taa zizimwe.